Dalali Hakutafutii Kazi, Anamtafutia Bosi Mtu

Mlidhani kibarua changu cha kublogu kimeota majani? Bado kipo jamani, ni shughuli tu za dunia.

Kilichonifanya nishike kibodi leo ni simu. Tangu mwaka uanze nimepigiwa na watu wa kwetu wasiopungua sita, toka Tanga, Dar na Mombasa, na ombi lao ni moja: "Wewe si ndiye unaajiri watu huko? Hebu nitafutie kazi." Mmoja wao (simtaji jina, mwenyewe anajijua) ameambiwa na wakala mmoja hapo mjini atoe shilingi milioni 12 ili apate kazi ya kutunza wazee Uingereza. Nasikia wakubwa wa ukoo wameshaanza kukaa vikao kuhusu lile shamba la minazi. Basi naandika haraka kabla shamba halijapata mnunuzi.

Sitaki kuandika kama askari wa kukataza watu kusafiri. Mimi mwenyewe nimesafiri, nitamkatazaje mwenzangu? Nataka niwape historia ya hii kazi yangu, kwa sababu ukiijua historia yake utaelewa huyo wakala anauza nini hasa.

Kwanza niwaeleze nafanya nini, maana najua wengine mnadhani nina funguo za viwanda vyote vya Uingereza mfukoni. Nafanya kazi kwenye kampuni ya kupeleka wafanyakazi, sisi wa huku tunaziita ejensi. Huu ni mwaka wangu wa 11. Nilianza kwa kubeba boksi kwenye ghala kama wengi wetu, kisha nikavutwa ofisini. Kila asubuhi simu inalia: ghala fulani linataka watu 40 shifti ya usiku, nyumba fulani ya wazee imepungukiwa watu 3. Mimi natakiwa niwapate hao watu kabla ya saa kumi jioni.

Malipo yako hivi. Tuseme mwenye ghala anailipa ejensi pauni 18 kwa kila saa ya mtu mmoja. Mbeba boksi anapata 13. Katikati kuna bima ya taifa, malipo ya likizo, pensheni, na kinachobaki ndiyo riziki ya ejensi, pamoja na mshahara wangu. Sasa angalieni vizuri: aliyepiga simu ni mwenye ghala, na anayelipa ni mwenye ghala. Mimi sizunguki mji kumtafutia fulani kazi. Nazunguka kumtafutia bosi watu. Kuna siku haya mawili yanakutana na kila mtu anafurahi, lakini siyo kitu kimoja, na siku yanapogongana dalali anajua chakula chake kinatoka wapi.

Hilo tu ndilo nataka mlishike leo. Sasa tuone lilivyoanza, na tuanzie nyumbani.

Mliowahi kumpelekea mgonjwa uji Muhimbili mnalijua jengo la Sewahaji. Wangapi mnajua huyo Sewahaji alikuwa nani? Sewa Haji Paroo alizaliwa Zanzibar mwaka 1851, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, biashara zake zikiwa Zanzibar na Bagamoyo. Alitoa mali nyingi kwa ajili ya shule na hospitali, ndiyo maana jina lake limebaki ukutani mpaka leo. Lakini moja ya biashara zake ilikuwa kuwapatia wapagazi Wazungu waliotaka kwenda bara. Henry Morton Stanley alipofika Bagamoyo mwaka 1871 akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, ilibidi apite kwake, na Sewa Haji wakati huo alikuwa kijana wa miaka kama 20 tu! Stanley alilalamika sana kitabuni kuhusu ujanja wa kijana huyo. Lakini angefanyaje? Mgeni hakujua wapi pa kuwapata Wanyamwezi wa kubeba mizigo miezi kadhaa, dalali alijua. Kwa lugha ya leo, Sewa Haji alikuwa na ejensi, na mteja wake alikuwa Stanley, siyo mpagazi.

Na neno kibarua lenyewe mmewahi kulifikiria? Ni barua ndogo. Zanzibar ya karne ya 19 mtu aliyechukuliwa kwa kazi ya siku alipewa kikaratasi cha kuonyesha kazi yake. Wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira ilikwenda kwa bwana wao. Kikaratasi kikawa jina la kazi, mwishowe kikawa jina la mtu mwenyewe. Leo tunasema "vibarua wamefika" bila kukumbuka kwamba tunawaita watu makaratasi.

Mwaka 1896 Waingereza wakaanza reli toka Mombasa kwenda Ziwa Victoria. Walihitaji watu wengi kuliko waliopatikana karibu, basi dalali akavuka bahari. A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara wa Karachi (ndiye yule wa bustani ya Jeevanjee pale Nairobi), alikuwa mkandarasi wa kuleta wafanyakazi toka Uhindi kwa mikataba. Mpaka reli inafika ziwani mwaka 1901 walikuwa wameletwa karibu watu 32,000. Kiasi cha 2,500 walikufa. Tunasimuliwa simba wa Tsavo kila siku, lakini maradhi na ajali viliua wengi kuliko simba. Wengi wa waliopona walirudi kwao, na wachache, hawakufika 7,000, wakabaki.

Kisha kikaja kipande. Kenya sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alitakiwa atembee na karatasi yenye alama za vidole vyake, wengi wakiivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Mwajiri aliandika humo siku uliyoanza kazi na siku aliyokuachia. Ukiondoka bila saini yake unasakwa na polisi kama mhalifu. Harry Thuku na wenzake walipopaza sauti mwaka 1921 na 1922, kipande kilikuwa moja ya mambo yaliyowakera kuliko yote.

Kwetu Tanganyika yakaja ya mkonge, na hapa naingia nyumbani kabisa. Babu yangu mzaa mama alikuwa Muha wa Kigoma. Alifika Muheza miaka ya 1950 kwa mkataba wa SILABU. Hii ilikuwa ofisi ya kuandikisha wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1944 na chama cha wenye mashamba ya mkonge. Watu wake walizunguka Kigoma, Songea na kwingineko kusikokuwa na zao la kuuza, wakiandikisha vijana na kuwasafirisha mpaka Tanga. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na kwa namba hiyo wakaitwa manamba. Marehemu bibi alikuwa akitucheka, anasema babu yenu ukimwita jina anakawia, ukiita namba anaruka.

Sasa sikilizeni jambo hili, kwa sababu ndilo linalowachanganya wengi. Babu hakulipa hata senti moja kuja Muheza. Nauli na chakula cha njiani vilitoka kwa wenye mashamba. Je, ndiyo kusema SILABU ilikuwa inamtafutia babu kazi? Hapana. Kama wenye mashamba wote wanachota watu kwa ndoo moja, hakuna wa kumpandishia mtu ujira ili amvute kwake. Babu hakuchagua shamba. Hakujua jirani analipa kiasi gani. Alichokuwa nacho ni kipande cha siku 30, amalize kazi za siku zote hizo ndipo alipwe. Kutotozwa kulimwokoa na deni, na hilo ni jambo kubwa, lakini hakukumfanya awe mteja.

Msidhani wenzetu huku walikuwa peponi. Bandari ya London karne ya 19 watu walijazana getini alfajiri, msimamizi anatoka na kuwanyooshea kidole anaowataka. Wengine walirudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka 1889 wakagoma, wakiongozwa na kina Ben Tillett, wakidai peni 6 kwa saa na kwamba mtu akiitwa asipewe chini ya saa 4 za kazi. Wakashinda. Miaka karibu 60 baadaye, mwaka 1947, watu wa bandari ya Mombasa na ya Dar es Salaam nao wakagoma, na kati ya yaliyowasumbua ni hayo hayo ya kuwa kibarua wa leo usiyejua ya kesho.

Waingereza walijaribu dawa moja ambayo mimi naiona ya maana. Tarehe 1 Februari 1910 serikali ilifungua kwa mpigo ofisi zaidi ya 60 za kuwakutanisha wenye kazi na watafuta kazi, bure. Waziri aliyesimamia alikuwa Winston Churchill (ndiyo, huyo huyo wa vita), na mtaalamu wake alikuwa William Beveridge. Wazo lilikuwa kwamba dalali awe serikali, ambayo hailipwi na upande wowote.

Wakati huohuo Marekani walikuwa wanaonja ubaya wa njia nyingine, ile ya mfanyakazi kumlipa dalali. Kule jimbo la Washington, kwenye kambi za mbao na reli, mtu alilipia kupata kazi. Dalali akala njama na msimamizi wa kambi: mimi nakuletea watu, wewe wafukuze baada ya siku chache, nikuletee wengine, hela ya kiingilio tugawane. Watu wakawa wanasema kila kambi ina makundi matatu: linalokuja, linalofanya kazi na linaloondoka. Mwaka 1914 wananchi wa jimbo hilo walipiga kura kuzuia wafanyakazi wasitozwe. Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani ikaitupa sheria hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4. Mnaona mchezo ulivyo? Mtu akilipa kuingia, basi kuna anayefaidika akitoka upesi. Shikeni hilo, tutalirudia.

Dunia ilichukua muda kulikubali somo hilo. Shirika la Kazi Duniani mwaka 1933 lilipitisha mkataba wa kutaka ofisi za kutoza watafuta kazi zifutwe kabisa. Mwaka 1949 likalegeza kidogo. Mwaka 1997 likapitisha mkataba namba 181: ejensi binafsi ziwepo, ila kanuni ya msingi ni kwamba mfanyakazi hatozwi.

Kwa nini walilegea? Kwa sababu ejensi zilishakuwa kubwa mno. Mwaka 1946 William Russell Kelly alianza Detroit kupeleka makarani wa muda maofisini. Mwaka huohuo Margery Hurst akaanzisha Brook Street Bureau hapa London. Mwaka 1948 Manpower ikazaliwa Milwaukee. Walichouza kilikuwa kipya: mfanyakazi ni wa ejensi, ofisi inamkodi tu, kazi ikiisha anarudishwa bila maneno. Mwenye kampuni alipenda sana, maana mshahara ambao ulikuwa mzigo wa kila mwezi ukageuka kitu cha kufungua na kufunga kama bomba. Uingereza ikatunga sheria mwaka 1973: ejensi hairuhusiwi kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi, isipokuwa kwa kazi chache kama za waigizaji na wanamitindo. Sheria hiyo ipo mpaka leo, na mimi ndiyo ninayofanyia kazi.

Mwaka 2004 ndio ulioibadilisha kabisa biashara hii hapa. Tarehe 5 Februari Wachina wasiopungua 21 waliokuwa wakiokota kome pwani ya Morecambe usiku walizingirwa na maji ya bahari wakafa. Waliletwa na nyapara ambaye hakujali maji yanajaa saa ngapi. Kwa msiba huo ikatungwa sheria ya kuwapa leseni madalali wa mashambani na wa uvuvi wa aina hiyo. Tarehe 1 Mei mwaka huohuo nchi kama Poland zikaingia Umoja wa Ulaya, na watu wao wakaja kufanya kazi kwa wingi kuliko serikali ilivyobashiri. Maghala yakazoea kupata watu 200 kwa simu moja. Ndipo ikaja kanuni iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2011: mtu wa ejensi akikaa wiki 12 kwenye kazi ileile, alipwe sawa na aliyeajiriwa moja kwa moja. Nadhani mmeshajua wajanja walianza kuhesabu nini... ndiyo, wiki 11.

Haya, sasa tufike kwenye milioni 12.

Baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya na korona kupita, nyumba za wazee zilikauka watu. Februari 2022 serikali ikaruhusu watunza wazee waletwe toka nje kwa viza ya kazi, mwajiri akiwa ndiye mdhamini. Wakaja watu wengi toka Nigeria, Zimbabwe, Uhindi, na wa kwetu pia. Na huko nyuma, mbali na mkono wa sheria ya 1973, madalali wakaanza kuuza ile hati ya udhamini kwa maelfu ya pauni. Watu waliuza magari na viwanja. Wengine walifika wakakuta kampuni haina saa za kuwapa. Mnakumbuka kambi za Washington? Ni mchezo uleule: kiingilio kimeshaliwa, ukibaki ukitoka ni shauri yako. Mamia ya waajiri wakanyang'anywa leseni ya udhamini, lakini leseni ikifutwa anayepewa siku 60 za kutafuta mdhamini mwingine au kufungasha ni mfanyakazi. Machi 2024 wakazuiwa kuja na mke, mume na watoto. Na tarehe 22 Julai 2025 mlango ukafungwa: watunza wazee wapya hawachukuliwi tena toka nje ya nchi kwa viza hiyo.

Kwa hiyo ndugu yangu wa milioni 12, huyo wakala anakuuzia mlango uliofungwa. Hata ungekuwa wazi, hati ya udhamini ni ya mwajiri kuilipia, siyo yako. Waambie wakubwa wavunje vikao.

Wauguzi mliosomea, habari yenu ni tofauti kidogo. Milango ya wauguzi haikufungwa pamoja na ile. Ila Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi zenye upungufu wa wahudumu wa afya, na kwa kanuni za hapa ejensi haziruhusiwi kuja kuwavua nchi za orodha hiyo. Muuguzi anaweza kuomba mwenyewe moja kwa moja hospitalini. Kenya ina makubaliano yake na Uingereza ya mwaka 2021, yanapitia serikalini. Kwa hiyo mtu akija Dar anajiita ejensi ya wauguzi wa Uingereza, muulize maswali mawili matatu kabla hujamkaribisha chai.

Na wadada mnaokwenda Uarabuni, nanyi mkumbuke nilichosema kuhusu babu. Mara nyingi mwenye nyumba ndiye anayeilipa ejensi, tena hela nyingi, na usipokaa anaidai arudishiwe. Basi ukipiga simu ejensi kulalamika kwamba hulali wala hulipwi, jua unampigia mtu anayepata hasara ukiondoka. Kuwa na namba nyingine mbali na ya ejensi: ya ubalozi, na ya ndugu aliye mji huohuo.

Mtaniuliza: na wewe si dalali? Ndiyo, mimi ni dalali, na siyo kazi ya haramu. Nimeona watu waliokuwa hawajui hata kituo cha basi kilipo wakiingia kazini kesho yake kwa sababu ejensi iliwapeleka. Ila nikiwa mezani mimi ni mtu wa mwenye ghala. Mtu wako wewe ni chama cha wafanyakazi, ni sheria, ni mwenzako aliyekutangulia pale kazini anayejua wanalipaje. Watu wa London mwaka 1889 na wa Mombasa mwaka 1947 hawakungoja dalali awaongezee.

Kwa hiyo badala ya "nitafutie kazi", niulizeni haya, nitajibu usiku na mchana: Mwajiri ni nani kwa jina, siyo jina la wakala? Mkataba unasema saa ngapi kwa wiki, na nisipopewa hizo saa nalipwa nini? Pasi yangu inakaa kwa nani? Nikitaka kuondoka, nani ananidai nini? Ukiona jibu la swali la mwisho ni kiasi cha fedha, simama hapohapo. Nitumie mkataba niusome. Hiyo nitaifanya bure, sheria ya 1973 hainiruhusu kuwatoza hata nikitaka, he he.

Ngoja niishie hapa, shifti ya usiku imepungukiwa na simu imeanza kulia. Wasalimieni wote Muheza, Chumbageni na Kariakoo. Mwenye la kuongeza au kunirekebisha asisite kuniandikia. Panapo majaliwa tutaonana tena hapa hapa kibarazani.